Benchi la Barazani

Kaka yangu hakai. Simaanishi kwamba hatulii mahali pamoja, ingawa hilo nalo ni kweli. Namaanisha kwamba mwili wake haukubali kitu chenye miguu minne. Anakula amesimama, ameegemea mlango wa jikoni, sahani mkononi. Msibani wenzake wakiketi, yeye anazunguka nyuma ya nyumba akitafuta kuni za kupasua. Mwalimu wetu wa darasa la tatu kijijini kwetu Kanazi alichoka kumwambia aketi, akampa nafasi ya kudumu ukutani nyuma ya darasa, na mitihani yake yote mwaka ule aliifanya amesimama, karatasi ikiwa imebandikwa ukutani kama tangazo.

Mtu huyo ndiye aliyeamua, akikaribia miaka hamsini, kuwa fundi wa viti.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa mbao za zege. Ni kazi isiyojulikana sana kwa sababu ikishakamilika haionekani. Kabla ya ghorofa kumwagiwa zege, lazima mtu ajenge kwa mbao umbo la kila nguzo, kila boriti, kila ngazi, aliegemeze kwa mirunda, miti ya kulishikilia, na kulikaza, ndipo zege limwagwe ndani. Likishashika, mbao zinabomolewa. Kaka yangu alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, Mwanza, Kahama na hapa Bukoba, na kila alichokitengeneza kilibomolewa, mara nyingi na yeye mwenyewe.

Siku moja tukipita mjini alinivuta chini ya ngazi za jengo moja na kuwasha tochi ya simu.

"Tazama hapo juu."

Nikatazama. Kwenye zege kulikuwa na mistari ya mti, myembamba, na alama ya kifundo kimoja iliyo wazi kama jicho.

"Hiyo mbao ilikuwa yangu," akasema.

Mlinzi akaja kutuuliza tunatafuta nini chini ya ngazi za watu. Kaka akazima tochi, tukaondoka.

Muda mfupi baadaye alirudi Kanazi na sanduku la vifaa, akamwambia mama kwamba amechoka kubomoa. Mkandarasi wake wa Mwanza hakuamini. Alikuwa ameanza jengo jipya, na kila Ijumaa alipiga simu. Msingi ukifika usawa wa ardhi, alisema, nafasi ya kaka ipo. Ukipita hapo atamchukua mtu mwingine. Kaka hakumwambia ndiyo wala hapana. Alisema, "Nitakujulisha, Injinia," kisha akaenda kuzunguka kibanja, yaani shamba la nyumbani, akipiga teke majani makavu ya migomba.

Mimi nilitaka abaki, na ningependa kusema ni kwa ajili ya sanaa. Mama amepita miaka sabini na alikuwa akiishi peke yake tangu baba afariki. Tuko watoto wawili. Kaka akirudi Mwanza, kibanja kinabaki mikononi mwangu, na mikono yangu inajulikana. Mwaka juzi nilipewa panga nipunguze machipukizi, nikakata migomba iliyobeba na kuyaacha machipukizi. Mama alisimama akatazama, akashangaa tu kwa Kihaya, "Mawe!", akarudi ndani. Mimi nilisoma chuo kikuu, naishi Bilele, mjini Bukoba, katika nyumba ya kupanga, naandika makala ndefu ambazo msomaji wake wa uhakika ni yule anayezipanga kwa ajili ya kuchapwa. Kaka ananiita Profesa. Si cheo nilichopewa na chuo chochote.

Basi nilimtia moyo kwa njia niijuayo, yaani kwa maneno. Nilimweleza kuhusu heshima ya kazi ya mkono, kuhusu viti vya dukani vinavyovunjika kabla ya mtoto kuanza shule, kuhusu uzuri wa kitu kilichotengenezwa na mtu mmoja kwa ajili ya mtu mmoja. Alinisikiliza amesimama. Nikamwandikia na kibao cha kuweka barabarani. Kilikuwa na sentensi tatu, mojawapo ikiwa na nukta mkato.

Mama alikisoma akauliza, "Huyu anayepita na pikipiki atakisoma lini?"

Kitu cha kwanza alichotengeneza kilikuwa kigoda cha mama. Sasa, fundi wa zege hapigilii msumari mpaka mwisho. Anaacha kichwa kimechomoza kiasi cha kucha, ili siku ya kubomoa aung'oe bila shida. Mkono wa kaka ulikuwa umefanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini bila kumuuliza. Mama aliketi, akainuka, na kitenge chake kikabaki nyuma.

"Mwanangu, kigoda chako kina meno."

"Ni mazoea, Mama."

"Mazoea ya kuuma watu?"

Kaka alikichukua kigoda akakivunja palepale. Vipande vyote vilitoka salama, kwa kweli kilikuwa kimejengwa vizuri sana kwa ajili ya kuvunjwa. Ndipo akaapa kwamba hatatumia msumari tena. Alichukua kiti cha zamani cha baba, kilichotengenezwa na fundi ambaye hakuna anayemkumbuka, akakifungua chote ili aone ndani. Humo akakuta jinsi mti unavyochongwa ulimi na kuingia kwenye tundu la mti mwingine, ukakaa hapo maisha yote bila chuma. Ilimchukua wiki tatu kukirudisha. Wiki tatu hizo mama alikuwa akikaa kwenye mkeka, na alihakikisha kila mgeni anaelezwa sababu.

Lakini alijifunza. Alikuwa anafanya kazi kwa namna ya kuchosha kuitazama. Anapiga randa mara mbili, anaiweka chini, anatoka mpaka barabarani, anarudi, anapima alichokwisha kupima. Anakata ulimi, haumridhishi, anautupa, anakwenda mpaka rweya, kule kwenye nyasi tupu kusiko na migomba, anarudi na kukata mwingine. Nilipomwambia atulie alinijibu kwamba hata mimi nikiandika huwa naenda jikoni mara sita kuangalia kama chai imekuwa chai. Sikuwa najua kwamba anajua.

Oda ya kweli ya kwanza ilitoka kwa yule mwalimu wa darasa la tatu. Alikuwa amestaafu na kurudi kwao Muleba, upande wa Rubya, mjane mnyoofu, Mlutheri wa kuamka na kulala na kitabu cha nyimbo. Nilikutana naye mjini Bukoba alipokuja kwa mambo ya pensheni, nikajisifia kwa niaba ya kaka.

"Yule wa ukutani?" akauliza. "Anatengeneza viti?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na anavijaribu vipi?"

Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akasema ana haja ya benchi refu lenye kiegemeo, la watu sita. Jumuiya ya sala ilikuwa ikizunguka nyumba kwa nyumba, na zamu yake ilikuwa inakuja, mara baada ya mavuno ya kahawa. Alikuwa na sharti moja. Alikwisha kununua meza ya mbao mbichi, ikajipinda mpaka sahani zikawa zinatembea zenyewe. "Asiniletee mti ambao bado unafikiri uko msituni."

Nilipomfikishia kaka habari, alizunguka banda lake la kazi mara moja, akasema, "Basi iwe hivi. Mwalimu akilikubali benchi, nabaki. Likirudi, napanda basi la Mwanza."

"Kwa benchi moja tu?"

"Injinia anasubiri, Profesa. Nipime kwa kitu gani kingine?"

Mbao kavu hazikupatikana. Alizunguka mjini kote. Mbao zote zilikuwa za juzi, ukizigusa zina ubaridi wa maji. Siku zinakwenda, mkandarasi anapiga simu, kaka anazidi kutembea. Ndipo mimi, nikiwa nimekaa nyuma ya jiko la mama nikinywa chai, nikauona mtumbwi.

Si mtumbwi wa ziwani. Ni ule wa kukanyagia ndizi za pombe, gogo zima la mvule lililochongwa tumbo, lenye urefu wa kutosha watu wanne kusimama ndani na kukanyaga. Baba alikuwa mtengenezaji anayeheshimika wa rubisi, pombe hiyo ya ndizi. Harusi au msiba ukitokea, ndizi za embire ziliiva kwa moshi, zikamenywa na kutiwa mle, zikakanyagwa pamoja na nyasi mpaka juisi ikatoka, ikamwagiwa mtama uliokaangwa, ikafunikwa kwa majani ya migomba ichachuke. Tangu alipofariki mtumbwi ulikuwa umepinduliwa na kuku wanataga chini yake. Mti wenyewe ulikuwa mkavu kuliko kitu chochote wilayani, na sakafu yake ilikuwa nene kama mkono uliokunjwa ngumi.

Kaka alipiga magoti akaugonga kwa kidole. Nilimwona uso wake ukitulia, kwa mara ya kwanza katika miezi ile.

"Mama," akasema, "tunaweza?"

Mama alikuwa anamenya ndizi. "Baba yenu hatakuwa na la kufanya nao. Kuku watatafuta kwingine." Kisha akaongeza, bila kuinua macho, "Mmeunusa?"

Tukaunusa. Ulikuwa unanukia kuku.

Ulipopasuliwa, ndipo ukatoa harufu nyingine. Msumeno ulipoingia katikati ya mti, banda zima likajaa ndizi mbivu na mtama, na mimi nikamwona baba kabisa, suruali imekunjwa magotini, akiimba ndani ya mtumbwi. Kaka aliuacha msumeno umekwama kwenye mti akatoka nje. Aliporudi aliuliza kama harufu ile itaondoka. Nilimhakikishia itaondoka. Nilimpa na maelezo ya kisayansi, ambayo sasa siyakumbuki na nadhani hata siku ile sikuwa nayakumbuka. Baada ya siku nne za jua, kweli iliondoka.

Benchi likawa zuri. Nasema hivyo ingawa ni kaka yangu. Lilikuwa refu na la chini kidogo, kiegemeo kimelala nyuma kama mtu anayesikiliza, na viungo vyake havikupitisha hata kucha. Rangi yake ilikuwa ya kahawia inayoelekea wekundu. Alitaka kulipaka vanishi. Mimi nikakataa. Nilimwambia vanishi ni kuufunga mti ndani ya plastiki, kwamba kazi ya mkono hupakwa mafuta tu, uuache mti upumue.

"Upumue," akarudia.

"Upumue."

Akalipaka mafuta.

Tulilipeleka Muleba kwa pikapu siku ya jua kali. Mwalimu alilizunguka, akaliinamia, akapitisha kiganja chini ambako watu hawatazami. Akaketi katikati, akaegemea, akafumba macho. Kaka alikuwa anapima mlango wake kwa tepu, sijui kwa ajili ya nini.

"Kasinge, waitu," Mwalimu akamshukuru kwa Kihaya. "Jumapili mje wote wawili. Nitalipokea rasmi mbele ya jumuiya."

Njia nzima ya kurudi kaka alipiga mluzi.

Jumapili ile mvua ilianza kabla hatujaingia. Nyumba ya Mwalimu ina bati, na sebule yake si kubwa. Kwenye benchi tulikaa sita: mzee wa kanisa mmoja pembeni, akifuatiwa na mimi, kisha akina mama wanne wenye afya njema. Wengine walikaa kwenye viti na mkeka. Kaka, kama kawaida, alisimama mlangoni. Nguo zetu zilikuwa zimelowa. Mvua ilipozidi, Mwalimu akafunga madirisha.

Wimbo wa kwanza ulipita salama. Katika wa pili nilihisi kitu, kidogo, kitamu, kama mtu amemenya ndizi mbivu chumba cha pili. Katika sala kikakua. Sisi sita tulikuwa tumeupasha mti moto kwa makalio yetu yaliyolowa, na mti ulikuwa unapumua. Ulipumua mtama uliokaangwa, ukapumua ndizi za embire, ukapumua misiba na harusi zote za Kanazi.

"Amina" iliposemwa, vichwa viliinuka na pua zikaanza kazi. Yule mama aliyekuwa karibu nami alisogea kutoka kwangu, akatazama kulia, akamwona mzee wa kanisa. Wote wakamwona. Kila mtu pale alijua kwamba mzee yule aliwahi kunywa sana, na kwamba aliacha, na kwamba kuacha kwake kulitolewa ushuhuda kanisani zaidi ya mara moja.

"Mzee wetu," Mwalimu akasema kwa upole unaotisha, "leo ulipitia wapi kabla ya kufika?"

"Nyumbani, Mwalimu. Nimetoka nyumbani moja kwa moja."

"Moja kwa moja?"

"Na mvua hii nipitie wapi?"

"Sisi hatuhukumu," akasema mama mmoja, akihukumu.

Mzee alifunga kitabu chake cha nyimbo akakiweka magotini. Nilijua vizuri sana la kusema. Nilikuwa na elimu ya kutosha kulisema kwa lugha mbili. Nikafungua kitabu cha nyimbo nikatafuta wimbo ambao hakuna aliyeuomba.

"Ni benchi," kaka akasema kutoka mlangoni.

Vichwa vikageuka mlangoni.

"Si Mzee. Ni benchi, Mwalimu. Nimelitoa kwenye mtumbwi wa baba yetu, wa rubisi. Nilidhani harufu imekwisha kutoka. Samahani, Mzee wangu. Samahani nyote."

Mwalimu alisimama. Alituamuru sote sita tuinuke, akainama, akanusa kiti chake kipya kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa nini hukupaka vanishi?"

Kaka aligeuza kichwa. Alinitazama mimi, na Mwalimu akanitazama mimi, na jumuiya nzima ikanitazama.

"Profesa alisema mti upumue," akasema.

Aliyecheka kwanza alikuwa mzee wa kanisa. Alicheka kwa sauti ya mtu aliyetolewa shimoni, akapiga kiti cha benchi kwa kofi, "Hii ni ya Kanazi! Nilisema moyoni, hii naijua, hii ni ya Kanazi kabisa!" Akina mama wakaficha nyuso kwenye kanga. Mwalimu pekee hakucheka. Aliinua kidole akamnyooshea kaka.

"Wewe. Njoo ukae."

"Mimi niko sawa hapa, Mwalimu."

"Nilikuacha usimame mwaka mzima, ona ulikofika. Kaa."

Akakaa, ukingoni. Ibada iliendelea, na goti la kaka likatikisika kutoka neno la kwanza mpaka baraka, likitikisa na benchi lote na sisi tuliokuwa juu yake, kama tunasafirishwa.

Watu walipoondoka Mwalimu alitoa uamuzi. Rubisi haijawahi kuingia nyumbani kwake na haitaanza leo. Lakini kazi ni nzuri, na hatairudisha. "Litakaa barazani," akasema, "mpaka litakapookoka."

Tulilibeba sisi wenyewe, tukaliweka nje chini ya dirisha.

Kwenye basi kaka alisimama ingawa nafasi zilikuwepo.

"Halijarudi," nikamwambia.

"Halijaingia," akanijibu.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Hakushika randa. Alitembea mpaka mama akaanza kumtuma dukani kwa vitu tulivyokuwa navyo. Alikwisha kufunga sanduku lake la vifaa, kisha akalifungua atoe patasi, kisha akalifunga. Usiku mmoja kabla ya Ijumaa sikurudi Bilele, nikalala pale Kanazi, nikajiambia ni kwa ajili ya mama.

Ijumaa asubuhi simu ikaita. Msingi ulikuwa umefika usawa wa ardhi. Kaka alikuwa amesimama kati ya migomba, na mkandarasi ni mtu wa kuongea kwa sauti, kwa hiyo nilisikia pande zote mbili.

"Sitaweza, Injinia," kaka akasema. "Nina kazi Muleba haijakaa sawa."

"Muleba? Ghorofa ngapi?"

"Si ghorofa. Benchi."

"Mangapi?"

"Moja."

Kule Mwanza injinia akakohoa.

"Ukikosea mbao za zege," kaka akaendelea, na sikuwa na hakika anamwambia nani, "wiki ya tatu unabomoa, hakuna anayejua. Hili liko pale. Kila anayepita anaona limewekwa nje." Akasikiliza. "Hapana, Injinia. Mchukue huyo mwingine. Ni mzuri, ila mwambie aache vichwa vya misumari nje."

Alikata simu, akazunguka mgomba mmoja, akarudi.

"Kesho twende. Ulete kopo la vanishi, kubwa. Na ukifika huko usieleze kitu."

Sikueleza kitu. Tulifika Rubya adhuhuri, mawingu yakiwa yamejipanga. Mwalimu alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, lakini benchi halikuwa peke yake. Mzee wa kanisa alikuwa ameketi katikati, miguu ameinyoosha, fimbo pembeni. Alitusalimu vizuri, akamshukuru kaka kwa mara nyingine mbele yangu kwa yale ya Jumapili, akauliza hali ya mama. Kuhama hakuhama.

"Mzee wangu," kaka akasema, "samahani, ungesimama kidogo. Nataka kulipiga msasa, kisha vanishi."

"Leo?"

"Leo, Mzee."

Mzee alitazama mawingu. Tone la kwanza likagonga bati.

"Subiri kwanza ipite," akasema, akaegemea nyuma, akavuta pumzi ndefu kwa pua. "Hatuna haraka."

Kaka akabaki amesimama, msasa mkono mmoja na kopo mkono mwingine, akihamisha uzito mguu hadi mguu. Mvua ikaanza kunyesha kweli.